KIINUA MGONGO NA MASHINE YA MABANGO: Pima Mara Saba Kabla ya Kununua

Katika maisha ya askari, awe wa jeshi au wa polisi, iko siku moja ambayo huja kwa hakika kama jua la asubuhi, nayo ni siku ya kuvua magwanda. Siku hiyo askari hukabidhi vifaa vyote alivyopewa na serikali, akarejea nyumbani na vitu viwili tu: heshima yake na kiinua mgongo chake. Heshima haimtoki mtu kwa urahisi. Lakini fedha ina miguu, na ikishatoka nje ya mlango bila mpango, hairudi hata kuja kuaga.

Miongoni mwa biashara zinazowavutia wastaafu na jamaa zao hapa Uganda ni ile ya kutengeneza mabango na vibao. Si ajabu. Hakuna shule, zahanati, kanisa, msikiti, duka wala kituo cha polisi kisichohitaji kibao cha kumwonyesha mgeni mahali alipofika. Zamani kazi hii ilikuwa ya fundi mmoja mwenye brashi, kopo la rangi ya mafuta na mkono usiotetemeka. Siku hizi, apitaye katika barabara ya Nasser, mjini Kampala, ambayo ni soko mashuhuri la wapiga chapa, huona mashine zikichapa kwa dakika chache kazi ambayo ingemchukua fundi yule siku nzima.

Mashine inayosifiwa zaidi ya zote ni ile kubwa ichapayo kwa wino unaokaushwa na miale ya urujuanimno. Ni chombo kizuri kweli kweli, lakini bei yake yaweza kumeza kiinua mgongo chote kwa siku moja. Kwa hiyo, ndugu msomaji, yafaa tuketi pamoja, mume kwa mke, tuichunguze mashine hii kwa utulivu kabla mtu hajatia sahihi yake kwenye karatasi yoyote.

MASHINE HII NI KITU GANI?

Mwaka 1801 mtaalamu wa Kijerumani, Johann Wilhelm Ritter, aligundua kwamba baada ya rangi ya urujuani, ambayo ni ya mwisho katika upinde wa mvua, kuna miale mingine ambayo jicho haliioni lakini yenye nguvu ya kubadili kemikali. Ndiyo miale ya urujuanimno. Ndani ya wino wa mashine hii mna chembechembe zinazosubiri miale hiyo. Zikiangazwa, wino hugeuka kutoka hali ya majimaji na kuwa plastiki ngumu kwa muda usiozidi kufumba na kufumbua.

Faida yake ni kwamba wino haungoji kunyonywa na karatasi wala kukaushwa na upepo. Kwa sababu hiyo mashine huweza kuchapa moja kwa moja juu ya ubao wa plastiki, bamba la alumini, akriliki, mbao, kioo, chuma na hata vigae. Kazi iliyohitaji kwanza kuchapa stika, kisha kuibandika kwa mkono huku ukiomba isifanye malengelenge, sasa hufanywa kwa hatua moja.

Wino wenyewe hurushwa na vichwa vya kuchapia. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya mawe maangavu yakibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata wakathibitisha na kinyume chake, yaani yakitiwa umeme hubadilika umbo. Vichwa vingi vya mashine hizi hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Kipande kidogo hujikunja kikitiwa umeme, na kwa kujikunja kikasukuma tone la wino kupitia tundu jembamba kuliko unywele, maelfu ya mara kwa sekunde moja.

JUA KAZI KWANZA, NDIPO UJUE MASHINE

Kosa la watu wengi ni kuanza na mashine, kisha kutafuta kazi ya kuipa. Askari hafanyi hivyo vitani. Huipeleleza kwanza nchi, ndipo akachagua silaha. Basi chukua daftari, uzunguke mjini kwako kwa majuma mawili, uandike ni vibao vya namna gani watu wanavinunua, vya ukubwa gani, na kwa bei gani.

Ukiona wateja wengi wanataka mabango ya turubai kwa ajili ya harusi, mikutano na matangazo ya siku chache, huna haja ya mashine ya urujuanimno. Mashine ya roli yenye wino wa kuyeyushia hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi. Ukiona kazi kubwa ni vibao vigumu vya maduka, shule na ofisi, hapo ndipo mashine ya urujuanimno ya meza inapostahili kufikiriwa. Na kama wateja wanataka ngao za tuzo, vibao vya majina ya milangoni na zawadi za kustaafu, mashine ndogo yenye meza ya sentimita 60 kwa 90 yaweza kutosha, wala hakuna sababu ya kununua ile kubwa.

AINA TATU ZA MASHINE

Aina ya kwanza ni ya meza bapa. Ubao hulazwa juu ya meza, ukanyonywa chini kwa pampu ya hewa usitikisike, na kichwa kikapita juu yake. Hiyo ndiyo bora kwa vitu vigumu na vizito. Kumbuka kwamba mbao nyingi za plastiki na alumini huuzwa kwa kipimo cha mita 1.22 kwa mita 2.44. Kwa hiyo meza ya mita 1.3 kwa mita 2.5 hupokea ubao mzima bila kuukata, lakini meza iliyopungua hapo itakulazimisha kukata kila siku.

Aina ya pili ni ya roli, ambayo huvuta turubai au stika kutoka upande mmoja na kuiviringisha upande wa pili. Aina ya tatu ni chotara, inayofanya kazi zote mbili. Chotara huvutia sana kwa masikio ya mnunuzi, lakini mara nyingi ubao mzito huteleza kidogo juu ya mkanda wake, na mistari ya picha ikapishana. Mshika mbili, moja humponyoka. Anayechagua chotara na aone kwanza kwa macho yake ubao mzima ukichapwa, tena rangi na wino mweupe pamoja.

KICHWA NDICHO MOYO WA MASHINE

Majina ya mashine ni mengi kama majina ya mabasi, lakini ukifungua kifuniko utakuta vichwa vya makampuni machache tu, kama vile Epson, Ricoh, Konica Minolta, Kyocera na wengineo. Mashine mbili zenye majina tofauti zaweza kuwa na moyo mmoja. Kwa hiyo usimwulize muuzaji jina la mashine peke yake. Mwulize jina la kichwa, bei ya kichwa kipya, na siku zitakazopita tangu uagize hadi kikufikie mkononi.

Kwa kawaida vichwa vya bei nafuu huchapa picha nyororo sana, lakini huchakaa mapema na hupenda kuwa karibu mno na ubao. Vile vya viwandani hugharimu zaidi, hudumu zaidi, na vingi vyao huvumilia nafasi kubwa zaidi kati ya kichwa na ubao. Jambo hili si dogo. Ubao uliolala juani hupinda, na ubao uliopinda ukigonga kichwa kinachopita kwa kasi, hasara yake yaweza kuzidi faida ya miezi kadhaa. Hakikisha mashine ina kilinzi cha kuisimamisha kabla ya kugonga.

TAA NA WINO MWEUPE

Mashine za zamani zilitumia taa za zebaki. Taa hizo huwa moto sana, hukunja plastiki nyembamba, hungojewa zipate joto, na hutoa hewa ya ozoni inayowasha koo. Mashine za sasa hutumia taa za LED, ambazo huwaka mara moja, hula umeme kidogo, na hudumu kwa maelfu mengi ya saa. Ukiuziwa mashine iliyotumika kwa bei ya kutupa, tazama kwanza taa yake. Huenda unauziwa mzigo ambao mwenyewe amechoka kuubeba.

Kuhusu wino mweupe, ye yote atakayechapa juu ya akriliki isiyo na rangi, kioo au ubao mweusi hana budi kuwa nao, kwa maana rangi nyingine huhitaji kutandikiwa nyeupe chini yake ili zionekane. Lakini weupe huo hutokana na unga mzito wa titani, nao hutulia chini kama matope ya mtungi. Mashine nzuri huuzungusha wino huo mchana na usiku. Isiyouzungusha itaziba vichwa, na kichwa kilichozibwa na wino uliokauka ni nadra kupona.

USIDANGANYWE NA KASI

Katika karatasi za matangazo utasoma kwamba mashine huchapa mita nyingi za mraba kwa saa. Mara nyingi kasi hiyo ni ya picha hafifu, tena bila wino mweupe. Dai uonyeshwe kasi ya kazi utakayoiuza. Ukiongeza tabaka la nyeupe, kasi yaweza kupungua hadi nusu.

Aidha, usilipie ukali wa picha usioonekana. Jicho zima la binadamu hutenganisha nukta mbili zilizoachana kiasi cha milimita 0.3 kwa umbali wa mita 1. Kwa umbali wa mita 10 nukta hizo sharti ziachane milimita 3. Hivyo kibao cha barabarani, kitazamwacho kutoka ng'ambo ya pili, hakihitaji picha nyororo kama ya ngao ya tuzo inayoshikwa mkononi.

HESABU YA MEZANI KWENU

Sasa tufike kwenye kiini cha shauri. Tufanye mfano, ambao kila mmoja ataubadilisha kwa bei za mahali pake.

Tuseme mashine, pamoja na usafiri wa baharini hadi Mombasa, gari hadi Kampala, ushuru na kodi, imekugharimu shilingi 120,000,000. Tukiipa maisha ya miaka 5, yaani miezi 60, kila mwezi mashine inakula shilingi 2,000,000 za thamani yake, ichape au isichape. Ongeza kodi ya nyumba 800,000, mishahara ya watu wawili 1,200,000, umeme 400,000, na akiba ya kununua kichwa kipya 600,000. Jumla ni shilingi 5,000,000 kwa mwezi.

Wino nao, tuseme mita moja ya mraba hunywa mililita 20, rangi na nyeupe pamoja, na lita moja ni shilingi 200,000. Hiyo ni shilingi 4,000 kwa mita ya mraba.

Ukichapa mita za mraba 50 kwa mwezi, kila mita imekugharimu shilingi 104,000, kabla hujanunua ubao. Ukichapa 200, gharama ni 29,000. Ukichapa 500, gharama ni 14,000. Mashine ni ile ile na wino ni ule ule. Kilichobadilika ni wingi wa kazi peke yake.

Kama bei ya kuchapa katika mji wako ni shilingi 40,000 kwa mita ya mraba, basi kila mita inakuachia 36,000 baada ya wino, na ili ufikishe zile 5,000,000 huna budi kuchapa mita 139 hivi kila mwezi. Hizo ni mbao nzima 47, yaani karibu mbili kila siku ya kazi, kabla hujapata hata senti moja ya faida. Je, daftari lako la majuma mawili linaonyesha kwamba mbao hizo zipo?

Kama hazipo, usikate tamaa, lakini usinunue. Anza kwa kupokea kazi, kuipeleka kwa mwenye mashine akuchapie kwa malipo, nawe ukate, uunde fremu na kusimika kibao mahali pake. Fedha kidogo itatosha kwa vyombo vya kukatia, ngazi imara na pikipiki. Siku kazi unazozipeleka kwa mwenzako zitakapopita kipimo kile kwa miezi sita mfululizo, wateja wako wenyewe watakuwa wamekwisha kukuambia kwamba wakati wa kununua umefika. Wakati huo hata chama cha akiba na mikopo, kiwe Wazalendo kwa wanajeshi au Exodus kwa polisi, utakiendea ukiwa na daftari mkononi badala ya ndoto kichwani.

UMEME, VUMBI NA JUA

Mashine hii ni dhaifu mbele ya mambo matatu yaliyo tele kwetu. La kwanza ni umeme unaopanda na kushuka. Umeme ukikatika huku kichwa kikiwa katikati ya meza, wino hubaki wazi. Kwa hiyo betri ya dharura, kidhibiti cha umeme na waya imara wa ardhini viwemo katika bajeti tangu mwanzo, na uulize mapema kama mashine inataka nyaya tatu za nguvu au moja.

La pili ni vumbi. Chumba kiwe na sakafu inayopigwa deki, mlango unaofungwa, na hali ya hewa isiyo kavu mno wala yenye unyevu mno, kama mtengenezaji anavyoagiza.

La tatu wengi hawalifikirii. Jua letu nalo lina miale ya urujuanimno. Mwanga wake ukiingia dirishani na kuangukia kichwa, hukausha wino ndani ya vitundu kama taa yenyewe. Weka mapazia mazito upande wa jua.

Kuhusu kibao kilichokamilika, mwambie mteja ukweli: jua la mchana hufifisha rangi, hasa nyekundu na manjano. Kazi ya kudumu nje ifunikwe kwa vanishi au utando wa kuilinda. Na kabla ya kuchapa, ufute ubao kwa spiriti safi. Kioo na baadhi ya plastiki huhitaji kupakwa praima kwanza. Kisha fanya jaribio: chana mistari myembamba kwa wembe, ipishane kama nyavu, bandika utepe wa gundi, uubandue kwa nguvu. Wino ukitoka na utepe, usikipeleke kibao hicho kwa mteja.

AFYA YA JAMAA

Akina mama wanaopaka kucha rangi ngumu inayokaushwa kwa taa wanaijua kemia hii bila kuambiwa, kwa kuwa rangi ile ni binamu wa wino huu. Ukishakauka barabara, wino hauna matata makubwa. Ukiwa majimaji, huwasha ngozi, na mtu akishapata mzio wake huweza kubaki nao maisha yake yote. Kemikali moja iitwayo TPO, ambayo hutumika pia katika baadhi ya wino hizi, ilipigwa marufuku katika vipodozi na Umoja wa Ulaya kuanzia Septemba 1, 2025, kwa kuhofiwa kudhuru uzazi.

Kwa hiyo vaeni glovu za nitrili na miwani, fungueni njia ya hewa, msile chakula chumbani humo, wala msiitazame taa. Mama mjamzito asishughulike na wino, na watoto wasifanye chumba cha mashine kuwa uwanja wa michezo. Matambara na mabaki ya wino yasimwagwe mferejini.

MASWALI YA KUMWULIZA MUUZAJI

Muuzaji hodari atakuita "Afande", atakupa kiti na soda baridi, na ulimi wake utakuwa mtamu kuliko soda ile. Mshukuru, kisha mwulize haya, mkeo akiandika majibu:

1. Fundi wa mashine hii anakaa mji gani, na aliitengeneza ya nani mara ya mwisho?
2. Nitajie wateja watatu walioinunua zaidi ya mwaka mmoja uliopita, nikawaone.
3. Je, dhamana inahusu vichwa, au vichwa vimetengwa?
4. Wino nitaupata hapa hapa nchini? Nikitumia wa kampuni nyingine, dhamana itavunjika?
5. Bei hii ni ya kiwandani au ya mlangoni kwangu, pamoja na ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwetu ni asilimia 18?
6. Programu ya kutayarisha picha imo ndani ya bei, au inalipiwa kila mwaka?
7. Nani atawafundisha vijana wangu, na kwa siku ngapi?
8. Naweza kuleta ubao wangu na picha yangu, mkanichapia mbele yangu, nami nikashika saa?

Akilikwepa swali la kwanza, usiendelee na la pili. Mashine nzuri isiyo na fundi wa karibu ni kama bunduki isiyo na risasi: hupendeza ikiwa imetundikwa ukutani, lakini haimlindi mtu.

NENO LA MWISHO

Mwenye mashine ya kuchapa ameshika pia dhamana ya umma. Nembo za jeshi na polisi, mihuri ya serikali na namba za magari si mapambo ya kuuziwa kila ajaye na fedha. Aliyezitumikia nembo hizo kwa miaka mingi asikubali kuzichapa pasipo kibali cha maandishi. Vivyo hivyo, kabla ya kusimika bango kando ya barabara, mteja na aulizwe kama amepata ruhusa ya wakuu wa mji.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Familia iliyohesabu kwa pamoja, ikatembelea wenye mashine, ikamjua fundi, ikahakikisha mbao mbili za kila siku zipo, inaweza kununua bila hofu. Na ile iliyohesabu ikaona kazi haijatosha, ikaahirisha kwa mwaka mmoja, nayo haijashindwa. Kiinua mgongo chake bado kiko salama, na ada ya watoto muhula ujao italipwa.